Ukikosea Namba

Kwa miaka mingi simu za Watanzania zimekuwa zikiingiwa na ujumbe mmoja usio na salamu wala jina: ile hela itume kwenye namba hii. Anayeupokea hamjui aliyeutuma, na aliyeutuma hajui umemfikia nani. Lakini kati ya watu wote wanaoupata asubuhi moja, hakosekani mmoja aliyetoka kuelewana na fundi, mwenye nyumba au mjomba kwamba pesa itatumwa leo, na kinachosubiriwa ni namba tu. Huyo anaituma. Akija kupiga simu kuuliza kama imefika, upande wa pili unamshangaa.

Matapeli hawa hawajavunja mfumo wowote. Namba ya siri hawaijui na wala hawaihitaji. Wanachokijua ni mtu: ana mambo kumi kichwani, anasoma ujumbe akiwa amening'inia kwenye daladala, na akishaipata namba aliyokuwa akiingoja hataiuliza mara mbili. Kwa jambo hili moja wamewazidi wahandisi wengi wa programu, ambao bado wanamsanifia mtumiaji aliyetulia mezani, mwenye miwani safi, anayesoma kila neno.

Kero za programu ni nyingi na kila mtu ana zake. Inaganda. Inataka kusasishwa wakati bando limebaki tone. Inahamisha kitufe ambacho jana kilikuwa hapa. Mwaka 2012 Microsoft iliondoa kitufe cha Start kwenye Windows 8, watu wengi wakawa hawajui hata pa kuizimia kompyuta, na mwaka uliofuata kitufe kikarudishwa kwenye Windows 8.1. Hizo ni kero za kweli, ila mtu huzizoea au huzikwepa. Anayetaka kuijua programu kwa haraka aikosee makusudi. Aandike namba vibaya, abonyeze pasipo pake, atoke katikati ya kazi, halafu atazame itamfanya nini. Hapo ndipo programu nyingi zinazosifiwa huvuliwa nguo.

Tarehe 11 Agosti 2020, benki ya Citibank ilitaka kulipa riba. Kampuni ya vipodozi ya Revlon ilikuwa imechukua mkopo mwaka 2016 kutoka kwa kundi la wakopeshaji, na Citibank ilikuwa wakala wa mkopo huo: inapokea kwa Revlon, inawagawia wanaodai. Riba iliyotakiwa kutoka siku hiyo ilikuwa takribani dola milioni 7.8. Zilizotoka zilikaribia dola milioni 900, na karibu zote zilikuwa za benki yenyewe.

Waliofanya malipo hayo walifuata utaratibu. Benki iliuita wa macho sita: mmoja anaingiza, wa pili anakagua, wa tatu anaidhinisha. Wawili wa kwanza walikuwa India, wafanyakazi wa kampuni ya Wipro iliyopewa kazi hiyo kwa mkataba. Wa tatu alikuwa mtu wa Citibank, huko Delaware, Marekani. Wote watatu walitazama kioo kilekile, na wote watatu wakaona mambo yako sawa.

Kioo hicho kinastahili kutazamwa kwa karibu. Programu iliitwa Flexcube, ya kampuni ya Oracle. Malipo ya siku ile yalikuwa na utata kidogo, kwani wakopeshaji walitakiwa kulipwa riba huku mkopo wenyewe ukiendelea, na Flexcube haikuwa na njia ya moja kwa moja ya kulifanya hilo. Ilibidi programu idanganywe. Mtumiaji aliiambia kwamba mkopo wote unalipwa, halafu akaielekeza ile fedha ya msingi iingie kwenye akaunti ya ndani ya benki ili isitoke nje. Maelekezo hayo yaliwekwa kwenye visanduku vitatu vyenye majina PRINCIPAL, FRONT na FUND. Kwa kuwa fedha waliyotaka kuizuia ni ya msingi, na kisanduku kimoja kilibeba jina hilohilo, walikijaza hicho wakaviacha viwili. Kumbe vyote vitatu vilihitajika.

Kabla ya kumaliza, programu ilitoa onyo: fedha zitatoka nje ya benki, je, unataka kuendelea? Kiasi haikutaja. Na kwa kuwa riba nayo ilikuwa inatoka nje ya benki, jibu sahihi lilikuwa ndiyo.

Kosa liligundulika kesho yake. Baadhi ya wakopeshaji walirudisha. Wengine, waliokuwa wameshika kama dola milioni 500, walikataa wakisema walikuwa wanadai na sasa wamelipwa. Februari 2021 Jaji Jesse Furman wa New York aliwaruhusu wabaki nazo. Septemba 2022 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi huo. Miaka miwili ya mawakili kwa visanduku viwili vilivyoachwa wazi. Mtu aliyewahi kutuma shilingi elfu hamsini kwa namba isiyo sahihi, akampigia aliyeipokea, akaambiwa kwamba Mungu amejibu maombi, ataielewa hoja ya wakopeshaji wale bila kusoma hukumu.

Onyo la Flexcube ni ndugu wa maonyo yote yanayouliza "una uhakika?" Jef Raskin, aliyeanzisha mradi wa Macintosh ndani ya kampuni ya Apple mwaka 1979, alilieleza tatizo lake katika kitabu cha The Humane Interface cha mwaka 2000. Swali linaloulizwa kila mara huzaa jibu la mazoea. Kidole kinajifunza kubonyeza ndiyo kama sehemu ya kitendo chenyewe, na siku swali linapokuwa na maana, kidole kimeshajibu kabla ya kichwa. Onyo la namna hiyo linamsaidia mtengenezaji zaidi kuliko mtumiaji, kwa sababu likitokea la kutokea, yeye atasema tulimuuliza.

Mazoea hayo yalishaua watu.

Therac-25 ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyotengenezwa na kampuni ya serikali ya Canada, AECL. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 iliwaunguza wagonjwa sita wa Marekani na Canada kwa mionzi iliyozidi kipimo mara nyingi sana, na baadhi yao wakafa. Habari zake zinajulikana vizuri kwa sababu Nancy Leveson na Clark Turner walizichunguza na kuzichapisha mwaka 1993, wakifuatilia hadi vitufe vilivyobonyezwa.

Mashine ilitibu kwa njia mbili, miali ya elektroni au eksirei. Machi 1986, katika kituo cha saratani cha mji wa Tyler, Texas, mtaalamu mzoefu aliandika x mahali palipotakiwa e. Ni kosa la kawaida kwa mtu ambaye wagonjwa wake wengi ni wa eksirei. Akaliona, akapandisha mshale, akasahihisha, akapitisha sehemu nyingine zilizokuwa sawa kwa kubonyeza Enter mfululizo. Njia hiyo ya mkato iliwekwa baada ya wataalamu kulalamika kwamba kujaza kila kitu upya kunawachelewesha. Kwenye kioo kila kitu kilisomeka sawa. Ndani ya mashine, sumaku zilikuwa bado zinajipanga kwa maelekezo ya mwanzo, kazi iliyochukua kama sekunde nane, na katika sekunde hizo programu haikugundua kwamba kuna kilichobadilishwa.

Alipowasha mionzi, kioo kikaandika MALFUNCTION 54. Maelezo yaliyokuwepo hapo kuhusu hitilafu hiyo yalikuwa ni maneno mawili matatu yasiyoeleweka, na tarakimu za kioo zilionyesha kwamba mgonjwa amepata dozi ndogo kuliko iliyopangwa. Mashine ile ilikuwa ikisumbua mara kwa mara, na wahudumu walishazoea kubonyeza herufi P, yaani endelea. Akabonyeza P. Mgonjwa, aliyekuwa ameshaungua, akapigwa mara ya pili akijaribu kuinuka kitandani. Kamera ya chumba ilikuwa haijachomekwa siku hiyo na chombo cha kusikilizia kilikuwa kibovu, hivyo aliyekuwa nje hakumwona wala kumsikia. Miezi mitano baadaye akafariki.

Wahandisi wa AECL walikuja, wakaijaribu mashine, hawakuona kitu. Haikupita hata mwezi, tukio likajirudia: kituo kilekile, mtaalamu yuleyule, ujumbe uleule. Safari hii mwanafizikia wa kituo, Fritz Hager, alikaa na mtaalamu huyo wakarudia kila alichokifanya. Wakarudia tena na tena mpaka 54 ikajitokeza. Siri ilikuwa kasi. Hitilafu ilitokea pale masahihisho yalipofanywa upesi, kwa mikono ya mtu anayeijua kazi yake. Waliokuja kujaribu walikuwa wakibonyeza taratibu, kama watu wasiokuwa na foleni ya wagonjwa mlangoni.

Dawa ya kwanza iliyotolewa na kampuni ilikuwa kung'oa kitufe cha mshale wa juu na kukifunga kwa utepe wa umeme. Kasoro ikabaki ndani. Kilichoondolewa ni uwezo wa mtu kujisahihisha. Kinachouma zaidi ni kwamba mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na kasoro hiyohiyo katika programu yake na haikumuunguza mtu, kwa kuwa ilikuwa na vizuizi vya umeme visivyotegemea programu. Ikikosea, fyuzi inakatika, fundi anaitwa, basi. Kwenye Therac-25 vizuizi hivyo viliondolewa na kazi yote ikaachiwa programu.

Alichofanya Hager, kukaa kando ya mtu na kuitazama mikono yake, kilishafanywa miaka kumi na zaidi nyuma bila kungoja msiba. Larry Tesler alikuwa katika kituo cha utafiti cha Xerox huko Palo Alto, California, ambako programu ya kuandikia iliyotamba iliitwa Bravo. Bravo ilikuwa na hali mbili, ya kuandika na ya kuamuru. Mtu aliyedhani yuko kwenye kuandika kumbe yuko kwenye kuamuru, akapiga neno edit, alipata somo la maisha: e ilichagua waraka wote, d ikaufuta, i ikafungua hali ya kuandika, na t ikabaki peke yake kwenye ukurasa mweupe.

Tesler alimchukua katibu muhtasi aliyekuwa ameajiriwa karibuni, asiyejua kompyuta, akamkalisha mbele ya kioo kisicho na kitu. Akamwomba aeleze tu jinsi ambavyo angependa kusahihisha karatasi iliyojaa alama za kalamu. Hakumfundisha chochote, alisikiliza. Kutokana na mazungumzo ya namna hiyo, na kazi aliyofanya pamoja na Tim Mott kwa ajili ya wahariri wa kampuni ya vitabu ya Ginn, ilizaliwa programu ya Gypsy katikati ya miaka ya 1970. Humo ndimo kukata, kunakili na kubandika kulipochukua sura ambayo leo iko katika kila simu. Tesler alizichukia hali zile mbili kiasi kwamba namba ya gari lake ilisomeka NO MODES. Alifariki Februari 2020, na watu wengi waliopata habari hiyo kwenye simu zao waliinakili na kuibandika kwa wenzao.

Afrika Mashariki ina mfano wake, na si mdogo.

Oktoba 2005, kampuni za simu za Safaricom na Vodafone zilianza jaribio nchini Kenya kwa ruzuku ya idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, DFID. Thika ilikuwa moja ya sehemu zake na wateja walikuwa mia chache tu. Shabaha ilikuwa mikopo midogo: wanachama wa taasisi ya Faulu Kenya wapokee na kurejesha mikopo yao kwa simu. Nick Hughes aliyeliasisi wazo hilo na Susie Lonie aliyelisimamia baadaye waliandika yale waliyoyaona, na mengi hayakuwa kwenye mpango. Watu walilipiana madeni. Waliwatumia ndugu zao pesa. Wenye biashara waliweka mauzo ya jioni kwenye simu wakayatoa asubuhi, kama sefu. Wengine walikabidhi fedha kwa wakala wa mji mmoja, wakapanda gari, wakazitoa mji mwingine saa chache baadaye, ili wasisafiri na donge mfukoni.

Kampuni nyingi zingeyaita hayo matumizi mabaya na kuyazuia. Hawa waliyafuata. Huduma hiyo, M-Pesa, ilipozinduliwa Machi 2007 mikopo iliwekwa kando, na tangazo likawa kutuma pesa nyumbani. Menyu ilikaa ndani ya laini yenyewe, ndiyo maana ilifanya kazi kwenye simu ya bei ya chini kabisa. Mwaka 2008 kampuni ya Vodacom ikaileta Tanzania.

Hata hivyo kosa lililokuwa la wazi kuliko yote lilisubiri miaka. Tarakimu kumi, zimesomwa kwa sauti kwenye simu yenye makelele au zimenakiliwa kutoka karatasi ya mfukoni, na saba ikifanana na moja pesa imekwenda. Jina la mpokeaji lilionekana kwenye ujumbe wa uthibitisho, baada ya pesa kuondoka. Taarifa iliyohitajika kabla ilikuja baadaye, ikiwa haina kazi tena ila kumuumiza aliyetuma.

Safaricom ilipoleta huduma ya Hakikisha, kilichobadilika ni mpangilio tu. Jina likatangulia. Baada ya kuweka namba ya siri, mtumaji aliona pesa inakwenda kwa nani, akawa na sekunde 25 za kusimamisha kwa kubonyeza tarakimu au herufi yoyote. Asipofanya kitu, muamala unaendelea. Hapo kuna busara ambayo haionekani haraka: aliyepatia hasumbuliwi na swali, na aliyekosea anaona jambo moja linaloweza kumshtua, jina la mtu asiyemjua. Hilo Flexcube haikulifanya. Laiti onyo lake lingetaja tu kwamba zinatoka dola milioni 894, hata mtu aliyechoka angeondoa mkono kwenye kipanya.

Bila shaka kila suluhisho lina makato yake. Jina likitangulia, kila mwenye udadisi anaweza kuanza muamala kwa namba asiyoijua, akasoma jina la mwenye namba, akasitisha. Kuna wachumba waliochunguzwa hivyo. Kwa upande wa Tanzania, jina linalojitokeza huenda si la mwenye simu. Wakati wa usajili wa laini kwa alama za vidole, ambao tarehe yake ya mwisho ilikuwa Januari 2020, mtu asiye na namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) aliweza kumwomba ndugu amsajilie, na hadi leo kuna muuza mbogamboga ambaye kila akilipwa inabidi amweleze mteja kwamba litatokea jina la kiume, usiogope, ni shemeji.

Na kurudisha pesa iliyokwishafika ni kugumu zaidi. Kenya mteja huupeleka ujumbe wa muamala kwenye namba 456 kuomba urejeshwe. Wafanyabiashara wanaijua njia hiyo kwa sura nyingine: mnunuzi analipa, anapokea mzigo, akifika kona anadai alikosea namba. Kitufe cha kumwokoa mtumaji kinaweza kumfilisi mpokeaji. Ndiyo maana kurudisha hakuwezi kuwa jambo la papo hapo, na ndiyo maana mahali pazuri pa kulikamata kosa ni kabla pesa haijabadilisha mwenyewe.

Gmail waliliona hilo kwenye barua pepe. Kitufe cha kutengua barua iliyotumwa kilianza kama majaribio mwaka 2009, kwa sekunde tano, na mwaka 2015 kikawa rasmi, hadi sekunde 30. Barua iliyokwishatoka hairudishwi. Hakuna anayeweza kuingia kwenye sanduku la mtu mwingine kuichukua. Gmail inaonyesha imeituma ilhali imeishikilia. Maji yakimwagika hayazoleki, na Gmail haizoi kitu: imechelewa tu kuyamwaga.

Kwenye simu, menyu za nyota na reli, zile za *150* na nduguze, zina ugumu wa kimaumbile. Ukurasa mmoja unabeba herufi 182 tu, na kila hatua inakwenda na saa. Mtu anayetuma ada ya shule anafika mahali pa kuandika namba ya kumbukumbu ya malipo, anaitafuta kwenye ujumbe wa jana, na ili auone ujumbe lazima aiache menyu. Akirudi imekufa. Anaanza upya, safari hii ameziandika zile tarakimu kiganjani kwa kalamu. Hatua inayohitaji utulivu kuliko zote ndiyo inayoharakishwa. Ugumu wa mtandao ni wa kweli, ila si wote: menyu inaweza kuanza na namba ya kumbukumbu badala ya kuiweka mwisho, na inaweza kumkumbuka mtu aliyekatikia hatua ya tano akaendelea hapo alipoishia. Kinachokosekana mara nyingi ni mhandisi aliyewahi kulipa ada kwa njia hiyo akiwa kwenye foleni.

Halafu kuna kukosea kwa kurudia. Ujumbe wa uthibitisho umechelewa, salio halisomeki, mtu anajiuliza imekwenda au haijakwenda, anatuma tena. Jakob Nielsen, katika kitabu cha mwaka 1993, alieleza mipaka mitatu ya subira ambayo wasanifu bado wanaitumia: sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtu anahisi jambo limetokea hapohapo; sekunde moja, anagundua kuna kusubiri lakini mawazo hayajakatika; sekunde kumi, ameshaondoka kifikra. Mtandao wa simu mwisho wa mwezi una mipaka yake mwenyewe. Ndani ya kiza hicho, mfumo uliosanifiwa vizuri hulipatia kila ombi utambulisho wake, ili likija mara mbili lihesabiwe moja.

Chombo kinachofanya hivyo kwa uaminifu mkubwa hakina sura ya teknolojia ya kuvutia. Kimebandikwa ukutani au kimetundikwa kwenye nguzo, na nchini Tanzania kinajulikana kwa jina la LUKU. Mita za umeme wa kulipia kabla hutumia mfumo uitwao STS, uliozaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, na tokeni yake ina tarakimu 20. Ni nyingi, na kila mtu amezilaani usiku mmoja akiwa na tochi ya simu mdomoni. Lakini zimefanya kazi kubwa. Mita ya aina hii haina mawasiliano yoyote na shirika la umeme, TANESCO. Kila inachohitaji kujua, yaani uniti ngapi na kwa mita ipi, kimefungwa ndani ya tarakimu hizo kwa msimbo ambao mita peke yake inaufungua. Ndiyo maana ukinunua umeme kwa wakala aliye mbali, ukasomewa namba kwa simu, unawaka.

Na ukikosea? Hakuna kinachotokea. Mita inakataa, unaanza tena, uniti zako ziko palepale. Tokeni ya jirani kwenye mita yako inakataliwa, bado ni mali ya jirani. Ukiingiza yako mara mbili, mara ya pili inakataliwa kwamba imeshatumika. Tarakimu zenyewe huchapwa kwa mafungu ya nne nne, kwa sababu kichwa hubeba nne vizuri na kushindwa ishirini.

Mita inajuaje kwamba tokeni imeshatumika? Kila tokeni hugongwa muhuri wa dakika iliyotolewa, ukihesabu kuanzia Januari 1, 1993, na mita huzikumbuka dakika za tokeni ilizokula karibuni. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo ilitosha dakika 16,777,216. Mwaka 1993 hiyo ilionekana milele. Ilikwisha tarehe 24 Novemba 2024, kwa mita zote za mfumo huo duniani, na mita isiyosasishwa kabla ya hapo isingepokea umeme mpya.

Kwa hiyo mwaka huo, kutoka Mombasa hadi Mbeya, wateja walinunua umeme na kupokea makundi matatu ya tarakimu 20 badala ya moja. Mawili ya kwanza yalibadilisha hesabu ndani ya mita, la tatu lilikuwa umeme wenyewe, na yalitakiwa kuingia kwa mpangilio. Tarakimu 60, kwenye vitufe vilivyofutika maandishi, wakati mwingine kwa mpangaji ambaye ujumbe umeingia kwenye simu ya mwenye nyumba aliye safarini. Aliyeanza na la tatu alikataliwa, na kioo cha mita hakina nafasi ya kumweleza kwa nini. Lakini kukataliwa huko hakukumlia uniti hata moja. Alipopata mtu wa kumwambia aanze na la kwanza, alizirudia zote na taa zikawaka kwa pesa ileile.

Mita zilizosasishwa sasa zinahesabu dakika kuanzia Januari 2014. Zitakazokuwa bado ukutani zitaishiwa Novemba 2045.